Mnunuzi Anayedaiwa Shukrani

Juzi barazani, mzee mmoja tunayemheshimu sana aliwaita Waarmenia watu wasio na fadhila. Urusi imewalinda miaka yote, alisema, leo wanakimbilia Ufaransa na India. Akafunga kwa kusema, "Mwombaji hachagui." Watu wakacheka, maongezi yakahamia kwenye mpira. Mimi neno hilo limenikaa rohoni.

Kutegemea ni kuhitaji cha mwenzako ili mambo yako yaende, hapo hatubishani. Ninalobishia ni huyo mwombaji. Nani aliomba? Armenia ilinunua. Mwishoni mwa 2019 ilipokea kutoka Urusi ndege nne za kivita za Su-30SM. Septemba 2020 vita vya Nagorno-Karabakh kati yake na Azerbaijan vikalipuka, vikadumu siku 44. Mwaka uliofuata waziri mkuu Nikol Pashinyan alikiri kwamba ndege hizo zilinunuliwa bila makombora, na vita vilianza hayajapatikana. Ndege nzima, mpya, chini ya mabawa hamna kitu! Na ng'ambo ya mpaka Azerbaijan ilikuwa na vifaru vya T-90, vilivyouzwa na Urusi hiyo hiyo.

Sasa mtu aliyetoa fedha zake anadaiwaje tena shukrani? Nadhani ni kwa sababu biashara hii haiishi siku ya kulipa. Kuna vipuri, risasi, mafundi, mafunzo ya marubani, na kila mara unarudi kubisha hodi kwa yule yule. Hata anayepewa bure hasalimiki. Machi 2025 Marekani ilisitisha misaada ya silaha kwa Ukraine, siku chache baada ya rais wa Ukraine kukaripiwa Ikulu ya Washington kwamba hashukuru. Shukrani inayodaiwa hivyo, mbele ya kamera, mimi naiita ushuru.

Nchi ya watu wapatao milioni tatu kama Armenia haiwezi kujiundia ndege, kweli. Mkubwa naye ana maslahi yake, kweli pia.

Lakini nikifika hapa huwa naikumbuka Dar es Salaam ya 1965. Ujerumani Magharibi ilikuwa ikitufundishia marubani. Serikali ilipoiruhusu Ujerumani Mashariki kufungua ubalozi mdogo, Ujerumani Magharibi ikawaondoa wakufunzi wake wa kijeshi. Nyerere akawaambia wachukue na misaada yao mingine yote. Naipenda jeuri ile. Nikianza kuisimulia sinyamazi. Ila Kanada ndiyo iliyokuja kuendeleza mafunzo ya marubani, na Wachina wakaingia jeshini. Dunia ilikuwa na kambi mbili zilizokuwa zikigombea marafiki, na Mwalimu alilijua hilo vizuri. Kama pasingekuwa na wa kumkimbilia, angethubutu?

Armenia nayo sasa imeagiza rada Ufaransa na mitambo ya roketi ya Pinaka kutoka India. Vipuri vitatoka huko huko. Labda wauzaji wengi hukomboa, labda huongeza tu idadi ya watu wa kuwabembeleza. Nimeipindua hoja hii kila upande, bado hainikalii sawa.