Kabla ya Kubonyeza

Mjukuu wangu, nimesikia umeajiriwa kuwa afisa wa mawasiliano, na kwamba siku ya kwanza tu umeitisha simu mpya. Umefanya vyema. Sasa itisha na nauli ya kukufikisha ufuo wa Dunga, Kisumu, alfajiri, boti za usiku zinaporudi.

Wakumbuka Novemba 2022, samaki wa vizimba walipokufa kwa wingi upande wetu wa Ziwa Victoria? Wataalamu walisema maji ya chini yasiyo na oksijeni yalipanda juu. Samaki wa ziwani hukimbia. Wa kizimbani atakwenda wapi? Maelezo hayo yanaeleweka. Lakini mnunuzi pale soko la Kibuye hasomi taarifa yenye nembo. Anamtazama mama samaki usoni na kumuuliza, "Hii haina sumu?" Mama akibabaika, umeshindwa, hata ungepata "likes" elfu kumi.

Mkasa kama huo ukitokea, anza na mwenyekiti wa BMU, yaani kamati ya usimamizi wa ufuo, kisha akina mama wenye mabeseni, kisha baraza la chifu. Asubuhi hiyohiyo ingia redio ya Kijaluo na uache watu wapige simu, hata wanaofoka. Maswali yao yaandike kwa maneno yao wenyewe, maana hayo ndiyo utakayoyajibu mtandaoni, si yale uliyoyakisia ofisini. Kijana wa Usenge aliyeko Nairobi ataiona video yako, halafu atampigia mamake. Mamake akisema, "Naam, hata barazani tuliambiwa hivyo," basi habari imeshika. Akisema hajasikia lolote, yule kijana atasambaza uvumi kwenye kundi la ukoo kabla hujanywa chai.

Enzi zangu mtandao haukuwapo, na bado nilikosea vilevile. Ofisi fulani ilinituma kutangaza kwamba soko dogo lingefungwa siku tatu kwa ukarabati. Nikapeleka taarifa kwa magazeti ya Nairobi, ikachapishwa, nikakata kile kipande nikakihifadhi kwenye faili kwa fahari. Alfajiri ya kufunga, akina mama walifika na mizigo yao. Hakuna aliyekuwa amesoma. Mmoja alinitwisha beseni lake la omena bila kusema neno. Nililibeba mpaka stendi, na suti yangu ilinuka wiki nzima.

Kwa hiyo Dunga usivae suti.