HADHARI SI WASIWASI: Yampasayo Muislamu Katika Kugeuka kwa Tabia ya Nchi

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeziumba mbingu na ardhi kwa haki, akaweka kwa kila kitu kipimo chake, akazitiisha bahari na pepo zichukue vyombo vya waja wake. Na sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake, na kila mwenye kufuata nyayo zao mpaka siku ya malipo.

Amma baad. Khabari ya kugeuka kwa tabia ya nchi imekuwa kubwa katika zama hizi. Husomwa magazetini, husikiwa katika redio, na huzungumzwa barazani baada ya sala ya isha. Na swali waulizalo mno watu wa kawaida, mvuvi na mkulima na mwenye duka, ni hili: Je, yampasa mtu asiye na mamlaka wala mali kushughulika na jambo hili, au ni la wafalme na wataalamu, na yeye amwachie Mola wake? Swali hili lastahiki jibu la wazi, kwani mwenye kulijibu vibaya huangukia katika moja ya makosa mawili. La kwanza ni ghafla, nayo ni kulala ilhali nyumba yawaka moto. La pili ni wasiwasi, nao ni kukesha kwa khofu bila ya kutenda lolote. Na baina ya mawili hayo iko njia ya tatu iliyoamrishwa na sharia, nayo ni hadhari.

JAMBO LENYEWE

Haijuzu kwa mtu kutoa hukumu ya kitu asichokijua. Basi kwanza na lijulikane jambo lenyewe. Tangu karne ya 18 watu wa Ulaya, kisha wa Marekani, kisha wa nchi nyingine, walianza kuchoma makaa ya mawe kwa wingi, wakafuatisha mafuta na gesi, ili kuendesha viwanda na meli na magari. Katika moshi wake imo hewa ya ukaa, nayo haionekani kwa macho. Hewa hii kazi yake ni kama ya blanketi: huuacha mwanga wa jua ukaingia, na hulizuia joto lisitoke upesi. Wala si uzushi wa jana, kwani Svante Arrhenius, mwanachuoni wa Sweden, aliandika hesabu ya jambo hili mwaka 1896. Kabla ya viwanda, hewa hiyo ilikuwa kiasi cha sehemu 280 katika kila sehemu milioni moja za hewa yote. Leo imepita 420. Na mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote tangu watu walipoanza kulipima joto la dunia nzima, ukaizidi hali ya kabla ya viwanda kwa kiasi cha digrii moja na nusu.

Huenda mtu akacheka akasema: digrii moja na nusu ni kitu gani? Na auangalie mwili wake mwenyewe. Joto la mwili likizidi kiasi hicho, mtu hulala kitandani, akaitiwa mganga. Na ardhi nayo ina mwili wake. Zaidi ya sehemu 90 katika 100 za joto lililozidi zimeingia baharini. Maji yakipata joto hutanuka, na barafu iliyo juu ya nchi kavu huyeyuka ikateremka. Ndipo bahari ikapanda kiasi cha sentimita 20 tangu mwaka 1900.

Watu wa pwani hawakusimuliwa haya tu, bali wameyaona. Mwaka 1998 bahari ilipata joto, na marijani katika miamba ya Kenya, Tanzania, Ngazija na Shelisheli yakawa meupe kama mifupa, na mengi yakafa. Na mwamba ukifa, samaki huhama. Wanawake wa Unguja walimao mwani wameona aina yenye bei njema yaoza katika maji ya moto ya kina kifupi. Huko Pemba maji ya chumvi yameingia katika mabonde ya mpunga. Na mwaka 2019 vimbunga viwili vikubwa vilipiga katika msimu mmoja: Idai, mwezi wa Machi, ukauharibu mji wa Beira, na watu zaidi ya 1,000 wakafa katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi, na Kenneth, mwezi wa Aprili, ukapita Ngazija ukaingia Cabo Delgado, pwani ambayo manahodha wa Kiswahili waijua tangu zamani.

Na uadilifu wataka isemwe pia ya kuwa si kila dhoruba imeletwa na moshi. Mwaka 1872, katika zama za Sayyid Barghash, tufani iliipiga Unguja, ikavunja vyombo bandarini na kuing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu, wala hapana aliyekuwa na gari siku hizo. Wataalamu hawasemi kwamba tufani ni kitu kipya. Wasemalo ni kwamba joto la bahari ndilo chakula cha tufani, na hewa yenye joto huchukua maji mengi zaidi. Basi chakula kikizidi, nguvu nazo huzidi, na mvua ikinyesha huwa gharika.

KAULI TATU ZA BARAZANI

Likiisha kujulikana jambo, watu hutoa kauli tatu.

Kauli ya kwanza: Haya ni kudra ya Mwenyezi Mungu, na mja hana la kufanya. Neno hili mwanzo wake ni kweli na mwisho wake ni kosa. Hakika hapana litokealo illa kwa kudra yake. Walakini yeye mwenyewe, katika Sura ya Ar-Rum, ameeleza ya kuwa uharibifu hudhihiri barani na baharini kwa sababu ya yale yaliyochumwa na mikono ya watu, ili waonje baadhi ya matendo yao, huenda wakarejea. Basi amewataja watu, akaitaja mikono yao, akawafungulia mlango wa kurejea. Vipi mja aseme kwamba mikono haimo, na mlango haupo? Na bedui alipomuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amwache ngamia wake bila ya kumfunga na amtegemee Mungu, aliamrishwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Na Sayyidna Umar alipofika Sargh, akapewa khabari ya tauni iliyokuwa Sham, aliwarejesha watu. Alipoambiwa kuwa aikimbia kudra ya Mungu, alijibu ya kuwa aiacha kudra ya Mungu kwa kuiendea kudra yake nyingine. Hiyo ndiyo tawakkul ya masahaba. Na kukaa kitako na kuita uvivu kwa jina la imani si tawakkul.

Kauli ya pili: Waliochafua ni matajiri wa mbali, kwa nini maskini wa pwani abebe mzigo wao? Kauli hii ina haki ndani yake, wala haifai kufichwa. Bara zima la Afrika halifikishi sehemu 5 katika 100 za moshi utolewao kila mwaka duniani, na khasara limepata kubwa. Hii ni dhulma, na sharia yasema ya kwamba mtu asidhuru wala asilipe dhara kwa dhara. Mataifa yaliandikiana mapatano huko Rio mwaka 1992, na huko Paris mwaka 2015, na huko Sharm el-Sheikh mwaka 2022 yakakubali kuweka mfuko wa kuzisaidia nchi zilizopata khasara. Mwenye deni adaiwe, na ahadi zisisahauliwe. Wala Waislamu wasijitoe katika hesabu hii, kwani mafuta mengi yachomwayo duniani yachimbwa katika nchi zao wenyewe, na israfu haina dini.

Lakini haki ya kumdai jirani haimpi mtu ruhusa ya kutoboa chombo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipiga mfano wa watu waliopanda jahazi, wengine juu na wengine chini. Walio chini wakaona taabu kupanda kuteka maji, wakataka kutoboa upande wao. Akabainisha ya kuwa wakiachwa watoboe, wataangamia wote. Na wakizuiwa mikono yao, wataokoka wote. Mfano huu watu wa pwani waufahamu kuliko watu wengine. Zama hizi walio juu ndio waliotoboa tundu kubwa. Wapasiwa kuzuiwa kwa hoja na kwa haki. Na walio chini nao wana tundu zao: mikoko ikatwayo hata ufuo ukabaki uchi, marijani yachomwayo kwa chokaa, baruti itupwayo mwambani kwa samaki wa siku moja. Maji yaingiapo chomboni hayaulizi ni tundu ya tajiri au ya maskini.

Kauli ya tatu: Mimi ni mdogo, na kitendo changu ni tone baharini. Hii ndiyo kauli iangamizayo watu wengi, kwani huvaa nguo ya unyenyekevu, na ndani yake mna kukata tamaa. Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha ya kuwa Kiyama kikisimama na mkononi mwa mtu mna mche, naye aweza kuupanda, basi na aupande. Mche huo hautazaa wala kutoa kivuli, na bado umeamrishwa. Basi mja haulizwi kama ameiokoa dunia; huulizwa alifanya nini na kilichokuwa mkononi mwake.

Na vitendo vidogo vya watu wadogo vimekwisha onekana matunda yake. Baada ya tufani ya 1872, watu wa Unguja walipanda mikarafuu tena, ilhali wajua kuwa mkarafuu hukaa miaka mingi kabla ya kuzaa. Magharibi ya Pemba kiko kisiwa cha Misali, ambacho wazee husimulia kuwa Nabii Khidhri alikosa msala wa kusalia, akasema kisiwa hicho ni mithili ya msala ulioelekea Kibla. Mwisho wa miaka ya 1990 wavuvi na masheikh walikalishwa pamoja, wakasomeshana yale yaliyomo katika Kurani juu ya mizani na uharibifu. Na kuna walioacha baruti kwa kumkhofu Mola wao, ilhali amri ya serikali haikuwaachisha. Na huko Gazi, kusini ya Mombasa, tangu mwaka 2013 wanavijiji wailinda mikoko yao na kupanda mipya, kwani matope ya mikoko huihifadhi hewa ya ukaa, na mizizi yake huwalea samaki na kulivunja wimbi. Wa mbali huwalipa kwa ulinzi huo, na fedha zimeingia katika maji ya kijiji na vitabu vya skuli.

HUKUMU YA KHOFU

Imebaki khofu yenyewe: ni dhambi, au ni imani? Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, amepokea ya kuwa Mtume alipoliona wingu zito uso wake hugeuka, akawa aingia na kutoka, hata mvua inyeshe ndipo atulie. Naye alipoulizwa akawakumbusha watu wa Ad, waliouona mwanzo wa adhabu yao wakafurahi, wakidhani ni wingu la mvua. Ikiwa mbora wa viumbe aliingiwa na khofu kwa kuliona wingu, basi mwenye kuingiwa na khofu kwa kuyaona haya hakupungukiwa na imani. Mwenye khatari ni yule wa Ad, ambaye huiona alama akacheka.

Walakini Mtume hakukaa na khofu hiyo tupu. Aliigeuza kuwa dua na matendo. Na Nabii Yusuf, alipoijua miaka 7 ya njaa kabla haijafika, hakulia wala hakupuuza, bali aliwafunza watu kuweka akiba ya nafaka katika mashuke yake. Basi kipimo ni hiki: khofu imtoayo mtu kitandani akafunga kamba za mashua ni hadhari, nayo ni ibada, na khofu imlazayo kitandani akaiacha mashua ichukuliwe ni wasiwasi, nao watokana na Shetani. Na Nabii Yakub aliwaambia wanawe ya kuwa wanaokata tamaa na rehema ya Mungu ni makafiri tu.

YAPASAYO KUTENDWA

Mvuvi na nahodha asidharau khabari za hali ya hewa zitangazwapo, wala asijifanye shujaa mbele ya dhoruba, kwani roho yake na za mabaharia ni amana. Mwezi wa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kiliposogea pwani ya Tanzania, khabari zake zilitangulia kabla ya upepo, na vyombo vikazuiwa bandarini. Mkulima achimbe mtaro, avune maji ya mvua, asitegemee mbegu ya namna moja. Mwenye tanuu la chokaa ayaache marijani. Mwenye shoka akikata mkoko mmoja, apande zaidi ya mmoja. Mwenye kutawadha ayachunge maji, hata akiwa mtoni. Mwenye mali aweke wakfu wa kisima na wa miti kama wazee walivyoweka wakfu wa misikiti, kwani kila kiumbe kitakachonywa na kula humo ni sadaka yake kaburini. Khatibu asione haya kulitaja jambo hili mimbarini. Na wenye kusikilizwa na wakubwa wawape nasaha bila ya kuogopa, juu ya dhulma ya walio mbali na juu ya uzembe wa walio karibu.

Na mvua ikichelewa, watu watoke kwa sala ya kuomba mvua, na toba iwe ya kweli. Nayo haiwi kweli kwa mtu anayeomba mvua kwa ulimi huku mkono wake ungali watoboa jahazi.

Mwenyezi Mungu awaamshe Waislamu kutoka katika ghafla, na awalinde na wasiwasi, na awape hadhari yenye amali njema, na aihifadhi pwani hii na bahari yake na watu wake. Amin.