Amana ya Maneno: Chuo Kikuu, Kamusi na Mipaka ya Ufadhili

Wahakiki wa fasihi wamezoea kumchunguza mfadhili kwa upande mmoja tu: huuliza jinsi fedha zake zinavyoielekeza kalamu ya mwandishi. Upande wa pili haujashughulikiwa vya kutosha, nao ni hali inayozuka pale mfadhili anapojiondoa. Taasisi iliyoipa kazi ya umma makao kwa hiari yake, je, yaweza kuyaondoa makao hayo kwa hiari iyo hiyo pasi na kumdhulumu mtu?

Mfano ulio karibu na wanafunzi wa Kiswahili ni ule wa kamusi ya intaneti iliyoanzishwa mwaka 1994 katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na Martin Benjamin, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa anthropolojia chuoni humo. Haikuwa kazi ya mtungaji mmoja aliyejifungia chumbani na vikaratasi vyake. Watu wa nchi mbalimbali walipendekeza vidahizo, wakasahihisha maana, wakaongeza mifano ya matumizi, na michango yao ikahaririwa. Baada ya miaka kadhaa mradi huo ulitoka Yale, na mwanzilishi wake akauendeleza nje ya chuo hicho, hatimaye chini ya shirika lisilo la faida huko Uswisi. Hapa hakuna haja ya kukihukumu chuo chenyewe; vyuo vikuu vina bajeti, na bajeti zina mwisho. Kinachostahili kujadiliwa ni aina ya kitendo.

Tofauti na kamusi za zamani inadhihirika mara moja. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilihamahama mno: kutoka Dar es Salaam ilikwenda Nairobi mwaka 1942, Makerere mwaka 1952, Mombasa mwanzoni mwa miaka ya sitini, kisha ikarudi Dar es Salaam na kuingizwa katika chuo kikuu cha huko mwaka 1964. Kuhama kote huko hakukufuta hata ukurasa mmoja wa kamusi ya mwaka 1939 inayojulikana kwa jina la Frederick Johnson. Mwalimu wa Machakos aliyekuwa na nakala mezani pake hakuwa na sababu ya kujua kamati imehamia wapi. Kitabu kikishachapwa kimekatwa kitovu. Kamusi ya intaneti haikatwi kitovu kamwe; inategemea tarakilishi inayowaka usiku na mchana, anwani inayolipiwa kila mwaka, na fundi anayejua ilivyoundwa. Mfadhili wa kitabu akiacha kulipa, chapa mpya haitatoka. Mfadhili wa kamusi ya intaneti akiacha kulipa, hata kile kilichokwisha kutolewa hutoweka. Katika hali ya kwanza kuacha kutoa ni kuacha kutoa. Katika hali ya pili kunakaribia kunyang'anya.

Anayeitetea taasisi atasema kwamba hisani si deni. Hoja hii ina nguvu kuliko wanavyodhani wanaolalamika. Anayemchotea jirani maji kwa mwaka mmoja hajajifunga kumchotea milele, na lau kila hisani ingegeuka wajibu, hakuna taasisi ambayo ingethubutu kuanza. Lakini hoja yenyewe inachukulia kwamba mtoaji ni mmoja na mpokeaji ni mwingine. Katika kazi ya aina hii, chuo hutoa nafasi, mitambo na jina. Wachangiaji hutoa maneno. Na jina (jambo ambalo husahaulika) hufaidi pande zote mbili: mchangiaji huamini kwamba kazi yake iko mahali salama kwa kuwa ni chuo kikuu, nacho chuo huhesabiwa miongoni mwa vinavyozijali lugha za Kiafrika. Aliyewavuta watu waweke mali yao kwake kwa sifa ya uthabiti hawezi kudai baadaye kwamba alikuwa mkarimu tu.

Kiswahili kina istilahi mbili zinazofaa hapa kuliko neno "msaada". Ya kwanza ni wakfu: mali iliyotolewa kwa manufaa ya wengine, haiuzwi wala hairithiwi, na msimamizi wake si mwenyewe. Ni dhana ya kuvutia ila inadai mno, kwani wakfu aghalabu hutegemea mali inayojilipia, kama shamba au nyumba ya kupangisha, ilhali kamusi haina minazi. Ya pili ni amana. Aliyewekewa amana halazimiki kuishika maisha. Aweza kusema imemshinda. Asichoweza ni kuiacha barazani usiku na kwenda zake. Humwita mwenyewe, humpa muda, humkabidhi vyote alivyopokea katika hali inayotumika. Kwa kamusi, maana yake ni ilani ya mapema, nakala kamili ya data pamoja na maelezo ya jinsi ilivyopangwa, na idhini ya maandishi ya kuiendeleza kwingine. Gharama ya haya ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kuitunza kamusi yenyewe, hivyo taasisi isiyoyatimiza haiwezi kusingizia ufukara.

Ugumu uko kwa mwenye amana. Ni nani? Wachangiaji wametawanyika, hawana chama wala mwakilishi mbele ya sheria, na maneno waliyoyatuma ni ya wazungumzaji wote. Kwamba kamusi hiyo iliendelea kwa sababu mwanzilishi wake hakukubali ife ni jambo la kushukuriwa, ila halitatui swali: amana ya wengi imehamia mabegani mwa mmoja, naye ana umri, afya na riziki ya kutafuta kama watu wote.

Idara za lugha na fasihi za Afrika Mashariki zinahusika moja kwa moja, maana nazo hupokea amana za namna hii. Mzee anayeimba mbele ya kinasa sauti cha mtafiti humwamini kwa sababu ametumwa na chuo. Mradi ukiisha, kanda zaweza kubaki kabatini katika ofisi ya mhadhiri aliyestaafu, pasipo orodha wala ufunguo, na mzee huyo, tofauti na mwanzilishi wa kamusi, hana nakala.