Usiitupe Picha ya Mwenzako

Wengi wetu wanandoa tuna bahasha za picha za zamani kabatini. Zile za rangi za miaka ya 1970 na 1980 zinachujuka. Joto, unyevu na mwanga huziharibu. Ni vyema kuzinakili kwa skana na kuziweka katika kompyuta. Kama negativu zipo, anzeni nazo, maana hubeba mengi kuliko picha iliyooshwa. Nakala zikae mahali pawili.

Lakini ni nani achague ipi ibaki? Nilipozinakili zetu, nilimwona mke wangu akiwa msichana, amesimama na kijana nisiyemjua. Niliitenga niitupe. Kisha nikajiuliza: je, maisha yake yalianza siku aliponijua mimi? Nikamwita. Aliniambia waziwazi kwamba kijana yule aliwahi kumposa. Halafu akanionyesha mama aliyeketi nyuma yao: ni marehemu mama yake, na hana picha nyingine ya mama huyo.

Basi kaeni pamoja, bahasha moja kila jioni. Ukiifuta jana ya mwenzako, unafuta sehemu ya huyo uliyeahidi kumpenda.