Masaa Sita Darasani: Msamaha Unaofundisha

Somo la Jumapili: Zaburi 32:1-9



Leo tunataka kuzungumza juu ya karatasi ambayo wengi wetu tumewahi kuipokea, lakini hatupendi kuitaja: tiketi ya polisi wa barabarani. Hapa Texas maisha bila gari ni magumu. Kazini ni gari, dukani ni gari, kanisani ni gari. Siku moja taa nyekundu na bluu zinawaka nyuma yetu, moyo unadunda, tunasimama pembeni. Tukifika nyumbani karatasi inabaki ndani ya droo ya gari. Mke haambiwi, mume haambiwi. Tunasema, "Mungu atafungua njia," na huku siku ya kujibu mahakamani inakaribia.

Daudi aliyajua maisha ya namna hiyo. Katika Zaburi ya 32 anasimulia jinsi alivyonyamaza juu ya kosa lake, na jinsi kunyamaza huko kulivyomla mwili usiku na mchana. Alipofungua kinywa na kukiri, alisamehewa. Wengi tunaishia hapo kusoma. Lakini tuendelee mpaka mstari wa 8 na wa 9. Mungu akishamsamehe mtu, anaahidi kumfundisha njia ya kupita, na kumwangalia akiipita. Kisha anamwonya asiwe kama farasi au nyumbu, mnyama asiyekwenda sawa mpaka afungwe chuma mdomoni.

Kwa hiyo kuna mambo matatu, na yanafuatana: kukiri, kusamehewa, kufundishwa. Sisi tunapenda la pili. La kwanza tunalikimbia, na la tatu tunalikwepa.

Sheria yenyewe ikoje

Tuseme wazi, kwa sababu wako waliopotea kwa kutojua. Kutia sahihi kwenye tiketi si kukubali kosa; ni kuahidi kwamba utaitikia mahakamani kabla ya tarehe iliyoandikwa. Ukiipuuza tarehe hiyo, hati ya kukamatwa inaweza kutolewa, na siku ya kufanya upya leseni unaweza kukataliwa. Kosa dogo linakuwa kesi kubwa.

Lakini kwa makosa mengi madogo ya barabarani, sheria ya Texas inatoa nafasi. Unakwenda mahakamani kabla ya tarehe, unakubali kosa au unasema hulipingi, unaonyesha leseni na bima, unalipa gharama za mahakama, kisha unaomba kusoma darasa la usalama barabarani. Darasa hilo ni la masaa 6. Unapewa siku 90 kulimaliza na kuleta cheti. Ukitimiza, kesi inafutwa, na kosa haliandikwi kama hukumu kwenye rekodi yako. Nafasi hii haitolewi tena ndani ya miezi 12. Haitolewi pia kwa aliyezidisha mwendo kwa maili 25 kwa saa au zaidi, wala kwa ndugu zetu wenye leseni ya malori makubwa. Hao wajihadhari zaidi.

Kule tulikotoka, wengi tulizoea kumaliza mambo kando ya barabara. Noti inakunjwa ndani ya leseni, trafiki anarudisha leseni bila noti, safari inaendelea. Hapa kufanya hivyo ni jinai nzito. Tena, hata kule, noti ile ilitufundisha nini? Tuliondoka vilevile tulivyokuja, na tairi zilezile zilizokwisha.

Habari ya mzee wetu mmoja

Mzee mmoja wa kanisa letu amekubali tusimulie habari yake, bila jina. Alikuwa anatoka zamu ya usiku, akapita mbele ya shule ya msingi asubuhi, taa za manjano zikiwaka. Mahali pa maili 20 alikuwa anakwenda maili 34. Akapewa tiketi, akaenda mahakamani kama inavyotakiwa, akaruhusiwa kusoma darasa kwa kompyuta.

Kiingereza chake si kingi, na amechoka. Akamwita binti yake wa miaka 16 akamwambia, "Mwanangu, wewe umesoma hapa. Nifanyie hili, mimi nilale kidogo." Binti akakaa mezani. Darasa la kompyuta kila baada ya muda huuliza maswali ya kuhakikisha kwamba anayesoma ni yule aliyejiandikisha. Mara ya kwanza binti akamwamsha baba, akapata jibu. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu akasimama mlangoni akasema, "Baba, kila mara wananiuliza kama mimi ni wewe. Niendelee kusema ndiyo?"

Mzee anasema usingizi ulimwisha. Binti huyo ndiye mwaka huu anajifunza kuendesha gari. Baba alikuwa anamfundisha somo, na halikuwa somo la barabara.

Akaifunga kompyuta. Akajiandikisha upya, akalipa upya kutoka mfukoni mwake, akakaa mwenyewe. Ilimchukua Jumamosi mbili. Neno lililomshinda alimuuliza binti maana yake, lakini kusoma alisoma yeye na kujibu alijibu yeye.

Alichojifunza

Tulimuuliza alipata nini. Alitupa hesabu. Gari la maili 34 kwa saa linakwenda karibu futi 50 kwa sekunde moja. Ukiangalia simu kwa sekunde 2, umekwenda futi 100 bila macho. Kutoka maili 20 hadi 34 si kuongeza kidogo. Nguvu ya kugonga inakaribia mara 3. Akasema, "Kwenye shule ile wanasoma watoto wa kanisa hili. Nilikuwa nadhani nimepewa tiketi kwa sababu ya mwendo. Kumbe ni kwa sababu yao."

Wapendwa, hiyo ndiyo sheria ya Mungu tangu zamani. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, mwenye kujenga nyumba anaagizwa kuweka ukuta mdogo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Kibao cha maili 20 ni ukuta wa namna hiyo.

Na Paulo anamwandikia Tito, sura ya 2, kwamba neema iliyotuletea wokovu ni mwalimu pia. Inatufundisha kuukataa ubaya na kuishi kwa kiasi. Kristo alilipa deni ambalo hatukuweza kulipa, na hapo hatuongezi kitu. Lakini darasa la neema hakuna atakayekukalia. Mke hawezi kutubu kwa niaba ya mume. Mtoto hawezi kuomba kwa niaba ya baba asiyetaka kuomba. Tunaotaka kufutiwa bila kufundishwa tunarudi kuwa nyumbu: tunapunguza mwendo tukiona polisi tu.

Wiki hii

Mwenye tiketi kwenye droo aitoe leo. Amwambie mwenzake wa nyumbani. Aangalie tarehe. Asiyeweza kuisoma asione aibu; baada ya ibada, wako ndugu watakaokaa naye kuisoma na kumsindikiza mahakamani. Na wazazi tuwaombe watoto watusaidie maneno, lakini tusiwaombe watusemee uongo.

Tuombe: Baba wa mbinguni, tunakushukuru kwa msamaha wako. Utupe moyo wa kukiri kabla ya kukamatwa, na uvumilivu wa kukaa darasani mwako. Uwalinde watoto wetu barabarani, hasa mbele ya magari yetu wenyewe. Uwalinde wanaotoka zamu za usiku wakiwa na usingizi. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.