Sheli ya Angani

Machi 2018, katika kamati ya Seneti, Elizabeth Warren alimuuliza Jenerali Joseph Votel, aliyekuwa akiongoza majeshi ya Marekani Mashariki ya Kati, swali jepesi kusikia: zile ndege za muungano wa Saudi Arabia mnazozijazia mafuta angani, huwa mnafuatilia zinakwenda kufanya nini Yemen? Votel akajibu kwamba hawafuatilii.

Jibu hilo nimelirudia mara nyingi kuliko riwaya kadhaa ninazozipenda. Linanisumbua kwa sababu ni la kawaida mno. Mwenye sheli mtaani hamuulizi dereva wa bodaboda anaelekea wapi. Analipwa, anajaza, huyo anaondoka. Jioni pikipiki ile ikitumika kwenye uporaji, nani atakwenda kumkamata muuza petroli? Kwa hoja hiyo wengi wetu tungemwacha Votel apite.

Mimi simwachi, na sababu yangu iko kwenye ufundi wenyewe. Ndege ya kivita ya kisasa inakunywa mafuta balaa, na uzito inaoweza kuruka nao una kikomo. Kila kilo ya mafuta inagombea nafasi na kilo ya bomu. Sasa ukijua juu kuna ndege ya mafuta inakusubiri, unaondoka na mabomu mengi na mafuta pungufu, kisha unajaziwa hukohuko. Unaweza pia kuzunguka kwa muda mrefu juu ya nchi ya watu, ukisubiri cha kupiga. Hebu niambie, hapo kilichoongezwa ni mafuta tu?

Halafu hakuna mteja anayejipitia tu. Mahali na saa ya kukutana hupangwa kabla. Kwenye KC-135, mhudumu analala kifudifudi mkiani, anachungulia dirishani, anaelekeza bomba refu mpaka liingie kwenye tundu la ndege iliyo nyuma yake, mita chache tu, zote mbili zikienda kwa mwendo mmoja. Wauza petroli ninaowajua mimi hawamfuati mteja njiani.

Mtaniambia mhudumu yule ni kijana anayetii amri. Sawa, simlaumu yeye. Nawalaumu waliojenga utaratibu mzima halafu wakaacha swali moja nje ya fomu.

Tarehe 9 Agosti mwaka huohuo, ndege za muungano zilipiga basi lililobeba wanafunzi kwenye soko la Dahyan, jimbo la Saada. Shirika la Msalaba Mwekundu lilihesabu watu 51 waliokufa, 40 kati yao watoto. Kwa utaratibu aliouelezea Votel, hakukuwa na daftari la kumwambia mzazi yeyote ndege ile ilipata wapi mafuta yake.

Novemba Marekani ikaacha kuzijazia ndege hizo. Mwezi uliofuata Pentagon ikasema Saudi Arabia na Falme za Kiarabu hazikutozwa ipasavyo, na kwamba itazidai dola milioni 331. Mafuta yenyewe yalikuwa kama milioni 37 tu. Zilizobaki, karibu milioni 294, zilikuwa gharama za saa ambazo ndege za mafuta zilikaa hewani tangu vita ilipoanza mwaka 2015. Saa hizo walikuwa nazo. Jeshi linaloweza kurudi nyuma zaidi ya miaka mitatu kukusanya saa za kuruka ili liandike bili, lingeweza pia kumuuliza rubani anakwenda wapi, kabla ya kuchomeka bomba.