Namba Ambayo Hukuipima

Mtu anaweza kudanganya bila kusema uongo hata mmoja? Nauliza kwa sababu karibu hiyo ndiyo imekuwa riziki yangu tangu karo iniishie nikiwa mwaka wa pili chuoni. Mimi huandikia wateja wa mtandaoni, nikiwa hapa Kawangware. Nimewahi kueleza kwa kirefu jinsi ya kutunza bwawa la kuogelea, na maji yangu nanunua kwa mtungi. Hakuna aliyekufa.

Halafu ikaja oda ya Mmarekani: makala ya kulinganisha akili unde na programu za balistiki kwa watu wanaojijazia risasi nyumbani. Kule ni hobi halali. Mtu anaokota ganda la risasi aliyopiga, anaweka kiwashio kipya, anapima baruti kwenye mizani, anakandamiza kichwa juu. Kwetu kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai. Kiwanda tunachokijua ni kile cha serikali, Eldoret. Sisi wa Kibera na Kawangware risasi tunazijua kutoka upande ule mwingine, na maganda huokotwa na watoto asubuhi baada ya maandamano.

Kwa hivyo ilibidi nisome. Baruti hupimwa kwa greini, na greini 7,000 ndizo ratili moja. Ukichanganya greini na gramu, umekosea mara 15 hivi. Tena kuna baruti mbili, IMR 4350 na H4350: namba ile ile, lakini haziungui kwa kasi moja, na kipimo cha moja si cha nyingine. Ukizidisha, presha inapanda ndani ya bunduki iliyo karibu na jicho lako. Mashine inayounga sentensi kwa kufuata maneno yanayoandamana inaweza kuzichanganya hizo mbili bila kupepesa.

Programu kama QuickLOAD nayo hukadiria, hilo lisemwe. Lakini hukadiria kwa hesabu. Unaipa ujazo wa ganda lako, uzito wa kichwa, urefu wa mtutu. Yenyewe ina takwimu za baruti mbalimbali. Ukibadilisha kitu kimoja, jibu linabadilika kwa sababu unayoweza kuifuata. Hata hivyo mtumiaji mwangalifu hulinganisha jibu lake na majedwali ya watengenezaji wa baruti, ambao wamefyatua risasi kwenye mitutu yenye vipima presha. Ukiufuata ule uzi hadi mwisho, unamkuta mtu aliyefyatua.

Uzi wa ChatGPT je, mwisho wake yuko nani? Niko mimi. Yaani watu kama mimi. Imelishwa maandishi ya intaneti, na mengi ya aina hiyo tumeyaandika sisi, kwa dola chache kwa ukurasa, kuhusu vitu ambavyo hatujavigusa. Biashara hii si siri. Filamu The Shadow Scholars ya 2024 inawahusu Wakenya wanaowaandikia kazi wanafunzi wa ng'ambo. Hata adabu yake ilipitia Nairobi. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi wa Sama hapa jijini walilipwa kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa kuisomea OpenAI maandishi ya ukatili na uchafu, ili mashine ifunzwe kuyatambua. Walifunza mashine ustaarabu. Kupima baruti haikuwa kazi yao. Lakini msomaji husikia ile sauti tulivu, akadhani utulivu umetokana na kujua.

Mimi naona udanganyifu unaanzia hapo, hata kama kila neno ni sahihi. Ukimwandikia mtu kipimo, anaamini kuna aliyepima. Kwenye bwawa la kuogelea, imani hiyo ikivunjika maji yanageuka kijani. Kwenye mwili ni kitu kingine, na si lazima uwe na bunduki. Dawa ya maji ya paracetamol ya watoto iko ya miligramu 120 kwa kila mililita 5, na iko ya 250. Mama anayeiuliza simu "nimpe vijiko vingapi" bila kutaja chupa anaweza kupewa jibu sahihi la chupa ya jirani. Mwenye kemisti pale stejini hana maneno matamu, mara nyingi hata salamu haitikii vizuri. Lakini anageuza chupa kwanza, anauliza mtoto ana kilo ngapi, na kesho ukirudi na hasira utampata.

Makala niliiandika bila kipimo hata kimoja cha baruti. Nilisema akili unde inafaa kukueleza maana ya neno au kukuonyesha utafute nini, ila namba uichukue kwa aliyepima. Rafiki yangu wa Kibera, ambaye tunagawana naye bando na wateja, aliniona fala. "Brathe, ukikataa kuweka hizo namba kuna mtu ataziweka. Na huyo asipopatikana, mashine itaziweka bure."

Sikuwa na la kumjibu. Wiki hiyo hiyo kazi kama ile ilitangazwa tena, jedwali likiwa sharti, na malipo yalikuwa yameshuka.